Nyama ikitoka sahanini, nini kiingie?

Wiki ya tatu tangu niache nyama niliamka saa saba usiku kwa njaa. Wala sikuwa nimelala bila kula. Jioni ile nilikula sahani iliyojaa pomoni: wali, kabichi na karoti zilizopitishwa kwenye mafuta kidogo, na vipande vya tango pembeni. Nilinyanyuka mezani tumbo limejaa kabisa, na saa tano baadaye nikawa nimesimama jikoni gizani natafuta mkate. Siku hizo nilikaribia kuirudia nyama, na naamini wengi wanaojaribu njia hii huishia papo hapo. Nia yao haijalegea. Wamechoka tu kulala na njaa.

Ilinichukua muda kung'amua kosa langu. Nilikuwa nimeitoa nyama na kuacha pengo, nikitarajia vilivyobaki vijitanue vyenyewe na kuliziba. Kumbe nyama ilikuwa ikishika zamu nyingi kwa wakati mmoja: ndiyo iliyoleta protini, ndiyo iliyoleta ile ladha nzito inayoganda ulimini, ndiyo iliyoleta mafuta, harufu ya kubanikwa na kitu cha kutafuna. Mfanyakazi wa namna hiyo akiondoka, humpati mmoja wa kumrithi. Unazigawa kazi zake kwa wengine kadhaa. Nilipoanza kupika kwa mtazamo huo mambo yalibadilika ndani ya wiki moja, na ndiyo maana nataka kuzifumua kazi hizo moja moja hapa.

Watu gani hasa

"Mla mboga" ni jina pana. Kuna anayeacha nyama na samaki lakini anakula mayai, maziwa na jibini. Kuna anayekunywa maziwa na kukataa mayai. Na kuna aliyeacha kila kitokacho kwa mnyama, asali ikiwemo, ambaye siku hizi huitwa vegani. Desturi yenyewe ni kongwe: huko Ulaya, kabla jina la sasa halijaenea, aliyekataa nyama alisemwa kuwa anafuata mlo wa Pythagoras, yule mwanahisabati wa Ugiriki ya kale. Chama cha walaji mboga cha Uingereza kiliundwa mjini Ramsgate mwaka 1847, na walioacha hata maziwa wakajitenga na kuunda chao mwaka 1944.

Tofauti hizi zina maana jikoni. Anayekula mayai mawili kwa siku tayari amepata gramu 12 hivi za protini pamoja na vitamini B12 kiasi, ilhali vegani hana budi kupanga kila kitu mwenyewe. Yanayofuata yanawahusu wote, ila panapokuwa na tofauti nitasema.

Kujaa na kushiba

Tumbo kujaa ni jambo moja, na kushiba ni jingine. Tumbo likitanuka hupeleka habari kwenye ubongo, lakini habari hiyo haidumu. Shibe inayokaa hutokana na chakula kinachokawia njiani. Protini, mafuta na nyuzinyuzi hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, na utumbo ukikutana navyo hutoa homoni zinazouarifu ubongo kwamba huku chini kazi bado inaendelea. Kabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Wali mweupe ni wanga unaomeng'enywa upesi. Sahani yangu ya usiku ule ilijaa vitu vinavyopita haraka.

Tazama hesabu. Gramu 100 za nyama iliyopikwa huwa na protini kati ya gramu 25 na 30. Adesi zilizochemshwa, kwa uzito huohuo, zina gramu 9 hivi. Maharage yana 8 au 9. Wali haufiki 3. Kabichi ina gramu moja na ushei. Mtu mzima mwenye afya huhesabiwa gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48. Kiasi hicho hakipatikani kwa vijiko viwili vya maharage vilivyomwagwa juu ya wali kama pambo, na hapa ndipo karibu kila anayeanza anapokosea. Anakula maharage, ndiyo, lakini anayala kwa kipimo cha mtu ambaye bado ana kipande cha nyama pembeni. Adesi, dengu, choroko, maharage au tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini) inapaswa ikae katikati ya sahani, kikombe kizima kwa mlo au zaidi, na wali au mkate uisindikize. Kikombe cha adesi zilizoiva kina protini gramu 18 hivi na nyuzinyuzi gramu 15 hivi. Nyama haina nyuzinyuzi hata chembe. Kwa hiyo kwenye shibe ya muda mrefu, mlaji wa kunde, yaani adesi, maharage na ndugu zao, aliyepakua vizuri ana faida ambayo hakuwa nayo zamani.

Utasikia pia kwamba protini ya mimea "haijakamilika", hivyo ni lazima kuchanganya nafaka na kunde kwenye sahani moja. Dai hili lina ukweli ndani yake, ila limevutwa kupita kiasi. Protini zote hujengwa kwa asidi amino, na tisa kati ya hizo mwili hauwezi kujitengenezea. Nafaka zina uhaba wa moja iitwayo lisini. Kunde zina lisini tele lakini zimepungukiwa na methionini. Zikikutana zinafidiana. Mwandishi wa Marekani Frances Moore Lappé ndiye aliyelieneza wazo la kuzichanganya katika mlo mmoja, mwaka 1971, na ni yeye mwenyewe aliyelirekebisha miaka kumi baadaye, akakiri kwamba alikuwa amelitilia mkazo kuliko inavyostahili. Namheshimu sana kwa hilo. Mwili huweka akiba ndogo ya asidi amino inayozunguka, kwa hiyo ukila nafaka asubuhi na kunde jioni hesabu inatimia. Soya nayo inajitosheleza yenyewe.

Mchuzi uliokolea

Mwaka 1908 mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda alijiuliza kwa nini supu ya mwani uitwao kombu ina ladha nzuri ambayo si ya sukari, si ya chumvi, si ya uchachu wala uchungu. Aliuchemsha mwani, akayachuja na kuyasafisha maji yake, mwishowe akapata fuwele za glutameti, na ladha ile akaipa jina la umami. Tunaposema kwa Kiswahili kwamba mchuzi umekolea, sehemu kubwa ya tunachokisifu ni hiki.

Mtu anayesema ameikumbuka nyama, mara nyingi anachokikumbuka ni umami, nao unapatikana kwingine tele. Umo kwenye nyanya mbivu, na zaidi kwenye nyanya zilizokaushwa au nyanya nzito ya kopo. Umo kwenye mchuzi wa soya, kwenye jibini iliyokomazwa, kwenye uyoga na mwani. Tena kuna jambo ambalo kila mpishi asiyetumia nyama anapaswa kulijua. Glutameti ikikutana na kundi la kemikali ziitwazo nukleotidi, ladha huongezeka mara nyingi kuliko ukizijumlisha mbili hizo. Nyama ina nukleotidi zake, na ndiyo sababu mojawapo ya mchuzi wake kupendwa. Upande wetu, uyoga uliokaushwa ndio wenye nazo kwa wingi. Loweka kiganja kimoja cha uyoga mkavu kwenye maji ya moto kwa nusu saa, kisha mimina yale maji yenye rangi ya chai kwenye sufuria ya nyanya, utapata mchuzi ambao uyoga peke yake hauwezi kuutoa, wala nyanya peke yake. Yachuje kwanza, kwani chini hubaki mchanga.

Hiyo nyanya ya kopo yenyewe ina namna yake. Kitunguu kikishageuka rangi ya dhahabu, kisogeze pembeni ya sufuria, weka vijiko viwili vya nyanya moja kwa moja kwenye mafuta, na uzungushe mwiko bila kuacha. Mwanzoni inarukaruka na kunuka kopo. Baada ya dakika tatu au nne wekundu wake mkali unafifia kuelekea rangi ya tofali, mafuta yanajitenga na kuzunguka kingo, na harufu inakuwa tamu. Hapo ndipo maji yanapoingia. Ukiyaweka mapema, mchuzi unabaki na ukali wa kibichi ambao hata uchemke saa nzima hauishi vizuri.

Moto mkavu

Mwaka 1912 mkemia wa Kifaransa, Louis-Camille Maillard, alieleza kinachotokea asidi amino zinapopashwa moto pamoja na sukari: vinazaliwa viini vipya vya rangi ya kahawia, na kwa sababu ya viini hivyo na ndugu zao tunapata harufu ya mkate uliookwa, kahawa iliyokaangwa na nyama iliyobanikwa. Harufu ile tunayoiita ya nyama choma, kwa sehemu kubwa, ni ya moto huu. Mboga zina sukari na zina asidi amino. Zinaweza.

Kizuizi ni maji. Mabadiliko haya hushika kasi joto likifika nyuzi 140 hivi, na maji kwenye sufuria ya kawaida hayapiti 100. Kitu kilicholowa hakiwezi kupata rangi mpaka maji yaliyo juu yake yaishe. Sasa fikiria tunavyopika mboga: zimetoka kuoshwa, zimerundikwa kwenye sufuria, kifuniko juu. Zinajichemsha kwa maji yake zenyewe, kisha tunazilaumu kwamba hazina ladha.

Uyoga ndio mwalimu mzuri wa somo hili, maana maji yake ni mengi, karibu asilimia 90. Ukate vipande vya unene wa kidole, usambaze kwenye kikaango kipana kilichopata moto, bila mafuta na bila chumvi, na usiuguse. Dakika mbili hutasikia kitu. Kisha unaanza kulia, sauti nyembamba kama ya kiatu kipya, na maji yanatoka mpaka vipande vinaelea. Wengi hupata wasiwasi hapa na kupakua, vumilia. Maji yanachemka, yanapungua, kelele inabadilika kutoka kububujika na kuwa mchicheto mkavu. Sasa mimina kijiko kimoja cha mafuta, nyunyiza chumvi, uache upande mmoja ushike rangi ya kahawia ndipo ugeuze. Vipande vimesinyaa hadi karibu nusu, ila kila kimoja kinauma meno kama kitu. Na huna haja ya kuogopa kuupitiliza: kuta za chembe za uyoga zimejengwa kwa kitini, ambayo haiyeyuki kwa joto la jikoni, hivyo uyoga haugeuki uji kama zinavyofanya mboga nyingine ukizisahau motoni.

Bilinganya ina tatizo tofauti. Ndani yake ni kama sifongo, imejaa hewa, na ukiiweka mbichi kwenye mafuta inayanywa yote. Ipake chumvi, iache nusu saa, ikamue na kuikausha kwa kitambaa. Vile vishimo vya hewa huwa vimebonyea na mafuta hayana pa kuingilia. Kwa tofu, igandishe kwenye friza usiku mzima, iyeyushe, kisha ikamue kwa viganja. Barafu huacha vijitundu, na tofu iliyokuwa laini kama jibini changa inakuwa na nyuzi za kutafuna na inanyonya mchuzi kwa kina. Sijui njia rahisi zaidi ya hii ya kumpatia mtu kitu cha kuuma.

Kuhusu kutafuna kwenyewe, usipike sahani nzima ya vitu laini. Chakula kinachomezwa bila meno huliwa haraka, na kinacholiwa haraka hakikupi muda wa kushiba. Karanga, korosho au mbegu za maboga zilizokaangwa kavu na kumwagwa juu ya chakula wakati wa kupakua zinatosha kurekebisha hilo, na zinaleta mafuta pia. Mafuta hayo yasionewe aibu. Nyama iliyaleta yenyewe bila kuombwa. Mboga haina, na harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Bizari uliyoipasha kwenye mafuta kwa nusu dakika na bizari uliyoitia kwenye maji yanayochemka ni kama bizari mbili tofauti.

Sufuria ya maharage

Kama maharage yako huwa magumu, au yanapasuka maganda huku ndani yana unga, au yanakuvimbisha tumbo, shida iko kwenye maandalizi. Yaloweke usiku mzima kwenye maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita. Wengi tumeambiwa kwamba chumvi hufanya maharage yawe magumu, lakini kwenye maji ya kulowekea huwa kinyume: sodiamu inachukua nafasi ya kalisiamu na magnesiamu zinazoshikilia ganda, na ganda linalainika bila kupasuka. Asubuhi mwaga maji hayo yote na suuza. Sehemu ya sukari zinazoleta gesi, zile ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja na hivyo huachiwa bakteria wa utumbo mpana, zimeondoka nayo. Zinazobaki mwili huzizoea. Anayeanza na kijiko na kuongeza polepole kwa wiki tatu hupata taabu ndogo kuliko aliyeanza na bakuli.

Uchachu ndio unaogandisha maganda kweli. Nyanya, ndimu na siki visubiri mpaka maharage yaive kabisa. Ukiviweka mwanzoni unaweza kuchemsha nusu siku. Maharage yaliyokaa ghalani miaka mingi nayo huwa hayalainiki hata ukifanya kila kitu sawasawa. Hapo badilisha maharage.

Nina onyo moja ambalo naomba lisirukwe. Maharage mekundu yenye umbo la figo yana sumu ya asili, aina ya lektini, na punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu vibaya. Yaloweke kwa saa tano au zaidi, mwaga maji, kisha yachemshe kwa maji mapya yanayotokota kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Vyungu vya umeme vinavyopika taratibu kwa joto la chini haviiui sumu hiyo, na joto lisilofika nyuzi 80 linaweza hata kuiongezea makali. Chemsha kwanza kwenye sufuria, ndipo uhamishie huko.

Siku usiyo na muda, pika adesi. Hazihitaji kulowekwa, za rangi ya chungwa zinaiva kwa dakika 15 hadi 20 na za kahawia kwa nusu saa hivi.

Ambacho mimea haitakupa

Nimesifu sana mimea, kwa hiyo niseme wazi inapoishia. Vitamini B12 haitengenezwi na mmea wala na mnyama. Inatengenezwa na bakteria, na sisi huipata kupitia wanyama waliokwisha kuihifadhi mwilini. Mtu mzima anahitaji kiasi kidogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku kwa mapendekezo ya Marekani, lakini kiasi hicho kidogo hakina mbadala. Ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa, na hapo ndipo penye mtego: mtu anaacha vyote vya wanyama, mwaka wa kwanza yuko salama, wa pili yuko salama, anaanza kuwaambia wenzake kwamba B12 ni hofu tu. Upungufu ukija huja na uchovu, ganzi ya vidole na miguu, kusahausahau, na madhara ya mishipa ya fahamu yakikaa muda mrefu huenda yasirudi nyuma. Tena mboga za majani, kwa kuwa zina folati nyingi, vitamini nyingine ya kundi la B, zinaweza kuificha ile dalili ya upungufu wa damu ambayo ingemshtua daktari mapema. Mwani wa spirulina mara nyingi hutajwa kuwa chanzo chake. Kilichomo kwa kiasi kikubwa ni umbo linalofanana na B12 ambalo mwili wa binadamu hauwezi kulitumia.

Kwa hiyo vegani ameze kidonge cha B12 au ale vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo kiwandani, tangu siku ya kwanza, bila kusubiri dalili. Anayekula mayai na maziwa kila siku yuko mahali pazuri zaidi, ila kupima damu mara moja moja hakumdhuru. Mjamzito, anayenyonyesha na mzazi anayelea mtoto bila vyakula vya wanyama wazungumze na mtaalamu wa lishe mapema, maana mtoto mchanga hana akiba kubwa ya kumbeba.

Madini ya chuma ni habari tofauti: mimea inayo, tatizo ni kuyaingiza mwilini. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko kile cha nyama, kiasi kwamba wataalamu wa Marekani humtaka mla mboga apange mara 1.8 ya kiwango cha kawaida, ambacho ni miligramu 8 kwa mwanamume na 18 kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Namba hizo zinatisha, lakini jikoni kuna msaada mwingi. Vitamini C ikiwa kwenye mlo huohuo huongeza ufyonzaji kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo ndimu juu ya maharage ni dawa pamoja na kuwa kiungo. Chai na kahawa hufanya kinyume. Ziache saa moja hivi baada ya kula. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha nafaka na kunde hupunguza faiteti, kitu kinachoyashika madini na kuyazuia yasifyonzwe, na zinki pia hunufaika hapo. Kwa kalisiamu, usitegemee spinachi hata kidogo: inayo nyingi, lakini oksaleti zake zinaishikilia na mwili huambulia asilimia 5 hivi. Majani ya jamii ya kabichi, ufuta, na tofu iliyogandishwa kwa chumvi za kalisiamu ni bora zaidi. Iodini inatoka kwenye chumvi iliyoongezewa iodini. Mafuta ya omega-3 yamo kwenye mbegu za kitani, chia na jozi, ingawa mwili huyageuza kidogo tu kuwa yale yaliyomo kwenye samaki; mwenye kutaka hayohayo anaweza kupata mafuta ya mwani, ambako samaki wenyewe huyatoa.

Kuishi hivi kuna upande wa kusoma vibandiko na kuuliza maswali. Jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa. Jibini nyingi za kizamani hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Supu ya mboga hotelini huenda imepikwa kwa mchuzi wa kuku, na ukialikwa, mwenyeji mwema anaweza kukutolea vipande vya nyama akaacha mchuzi. Mimi huwaambia wenyeji wangu mapema, siku mbili tatu kabla, na huwaomba niruhusiwe kuja na sufuria moja ya kuliwa na wote. Watu hupokea chakula kitamu kwa moyo mkunjufu kuliko maelezo.

Sufuria ninayobeba

Ni hii, ya watu wanne. Chemsha gramu 300 za adesi za kahawia kwa maji matupu mpaka ziive lakini zisivurugike, chumvi uitie dakika za mwisho. Wakati zinachemka, kausha gramu 300 za uyoga kwenye kikaango kama nilivyoeleza, uweke kando. Kwenye kikaango hichohicho weka mafuta vijiko vitatu na vitunguu viwili vikubwa, na uvipe robo saa nzima kwa moto wa wastani. Rangi inayoshika chini ya kikaango ikwangue kwa mwiko na maji kijiko kimoja, usiipoteze, ladha yote iko pale. Ongeza kitunguu saumu, bizari nzima iliyotwangwa, pilipili manga, kisha nyanya ya kopo vijiko viwili, na usubiri rangi ya tofali. Mimina adesi pamoja na maji yake, rudisha uyoga, tia kijiko kimoja cha mchuzi wa soya, uache vichemke pamoja dakika 10 mpaka mchuzi ushike mwiko. Kila mtu hapo ana gramu 18 hivi za protini kabla hujahesabu mkate. Zima moto, ndipo ukamue ndimu, uonje, halafu uamue kama bado kuna haja ya chumvi. Mara nyingi ndimu ndiyo iliyokuwa imekosekana. Mbegu za maboga juu wakati wa kupakua.

Ikibaki, kesho utaikuta nzito zaidi, kwani adesi zinaendelea kunywa maji usiku. Iongezee nusu kikombe cha maji ya moto unapoipasha, na ndimu mpya kidogo, maana ile ya jana itakuwa imefifia.